WATOTO WETU WATAKA MWALIMU WA FIZIKIA, SI PICHA YAKE PEKE YAKE

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano ya matawi yetu, kutoka Naivasha mpaka Molo, kuna shauri moja ambalo limerudi mara nyingi. Mzazi ainuka na kusema: "Shuleni kwa mtoto wangu mwalimu wa fizikia amehamishwa, na hakuna aliyeletwa mahali pake. Nilipouliza niliambiwa nisiwe na wasiwasi, maana watoto waonyeshwa masomo ya video." Mzazi mwingine asema yeye aliambiwa anunue simu kubwa na bando, mtoto ajifundishe nyumbani.

Chama hakiwezi kunyamaza juu ya jambo hili. Twasema wazi: masomo ya video ni chombo kizuri cha kazi, lakini chombo hakiajiriwi mahali pa mtu. Yeyote atakayetuambia kwamba picha yatosha, huyo anatupunja, na atakayepunjwa zaidi ni mtoto wa kibarua.

Pengine wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kina shauri gani na fizikia? Kina shauri kubwa sana. Tazameni kazi zetu wenyewe. Dereva aliyepasukiwa na gurudumu pale Salgaa huinua lori la tani nyingi kwa jeki na nguvu ya mikono yake. Hiyo ni fizikia. Boila ya kiwandani hupasuka kwa sababu mvuke umekosa njia ya kutokea. Hiyo pia ni fizikia. Kule Olkaria mvuke wa chini ya ardhi umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Mtu ajuaye kwa nini mashine hufanya hivyo huitwa fundi, na hulipwa mshahara wa fundi. Asiyejua huambiwa "sukuma hapa," naye husukuma, hata siku ambayo ilimpasa kukataa na kukimbia. Wengi wetu tumesukuma hivyo miaka mingi. Hatutaki urithi huo uwe wa watoto wetu.

Basi kwanza tuseme haki juu ya video, maana hatupendi kusema uongo hata kwa faida yetu. Kuna mambo ambayo mwalimu hawezi kuyaonyesha kwa chaki. Jiwe laanguka upesi mno, lakini katika video laweza kupunguzwa mbio mpaka jicho lione jinsi linavyozidi kwenda kasi kadiri linavyoshuka. Mawimbi ya sauti hayaonekani hewani, lakini yaweza kuchorwa yakaenda mbele ya macho. Tena mtoto mzito wa kuelewa aweza kurudisha somo nyuma mara tano bila kuchekwa na mtu. Chombo kama hicho hatukipingi, kama vile hatupingi trekta shambani. Twauliza tu maswali ambayo mfanyakazi huuliza kila mashine mpya inapoletwa: nani ataiendesha, na nani atalipa mafuta?

Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. Shule ya Keriko iko katika kijiji cha Pwani, upande wa Njoro. Mwezi wa Machi 2019 mwalimu wa hesabu na fizikia wa shule hiyo, Bruda Peter Tabichi, alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja. Magazeti yalisifu sana ukarimu wake, kwani sehemu kubwa ya mshahara wake aliwapa maskini. Alistahili sifa hiyo. Lakini sisi twataka muangalie namna alivyofanya kazi. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti hafifu, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Mwalimu huyu alikwenda katika saiba, akachukua masomo kutoka intaneti, akayahifadhi, akayaleta darasani yatumike bila intaneti. Kisha wanafunzi wakashika kazi kwa mikono yao. Katika maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya ya 2018 walileta chombo walichokibuni cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Na timu yao ya hesabu na sayansi ilipata nafasi ya kwenda mashindano ya kimataifa ya 2019 huko Arizona, Marekani.

Angalieni mpango wa kazi hiyo. Mwalimu alitangulia, picha ikafuata, na mwisho ikawa mikono ya watoto. Ukimwondoa mwalimu, nani atakayekwenda saiba? Nani atakayechagua somo linalofaa na kuliacha lisilofaa? Nani atakayeliona kosa la mtoto na kulisahihisha?

Lakini ndugu, tusidanganyike na sifa. Kiwandani, mfanyakazi akilazimika kwenda mjini kujitafutia vifaa vya kazi, sisi huita jambo hilo kosa la mwajiri. Kwa nini likitokea shuleni tuliite wito na kupiga makofi? Mtu mwema mmoja aweza kuinua shule moja. Nchi nzima haiwezi kuendeshwa kwa wema wa mtu mmoja mmoja.

Sasa tukumbuke mwaka ambao picha ilikuja bila mwalimu. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona. Taasisi ya mitaala, KICD, ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa YouTube. Julai mwaka huo huo mabaluni ya Loon, mradi wa Alphabet, kampuni mama ya Google, pamoja na Telkom Kenya, yalianza kuleta intaneti kutoka kimo cha kilomita 20 hivi, na Nakuru na Baringo zilikuwamo katika eneo lake. Baluni lenyewe lilikuwa somo zuri la fizikia. Lakini katika nyumba zetu za Kaptembwo na Bondeni simu ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya baba, na baba alitoka nayo alfajiri kwenda kutafuta kibarua. Jioni aliporudi, watoto watatu waliigombania, na bando ilikwisha kabla ya somo. Januari 2021 shule zilifunguliwa kwa watoto wote. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba mradi wa mabaluni utafungwa, kwa kuwa biashara yake haikulipa. Mwalimu alirudi kazini, baluni halikurudi. Huo ndio ushahidi wetu, nasi tuliuona kwa macho.

Sikilizeni pia habari ya binti wa mwanachama wetu mmoja. Alitazama somo la umeme kwa simu mpaka akaweza kulisema kwa moyo: ameta huwekwa ndani ya njia ya mkondo, voltimita hushika pande mbili za kitu kinachopimwa. Siku ya majaribio alipewa waya, betri na ameta, mara ya kwanza maishani mwake. Kwa hofu akaiunganisha ameta moja kwa moja na pande mbili za betri. Mshale ukaruka mpaka mwisho, na saa yake ya mtihani ikapotea. Maneno aliyajua yote. Alikosa mtu wa kumwambia wiki kumi mapema, "Hapana binti, fungua, anza tena." Tukumbuke kwamba katika mtihani wa KCSE wa fizikia karatasi ya majaribio ina alama 40 katika 200, yaani moja ya tano. Mtihani huo wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa mara ya mwisho 2027. Watoto wa kwanza wa Gredi 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na mtaala wao waitwa wa umilisi, maana yake mtoto aonyeshe kwamba aweza kutenda. Atatenda na nini, ikiwa shule ina kioo cha televisheni bila waya wala betri?

Wakubwa watajibu kwamba pesa hazitoshi. Sisi twajua habari za pesa kuliko wao, maana ndizo hatuna. Wengine watasema kwamba walimu wanalinda vibarua vyao. Na wavilinde! Mwalimu akipoteza kazi, mtoto wetu amepoteza mtu wa kumuuliza swali.

Lakini na sisi wenyewe tuna kosa. Tumechanga kwa harambee basi la shule na lango kubwa lenye rangi, vitu ambavyo mgeni huviona akiwa barabarani. Ni mara ngapi tumechanga ili watoto wapate ameta, mizani na lenzi? Tukisema kweli, ni mara chache. Tubadili tabia hiyo.

Kwa hiyo wajumbe wapeleke madai haya katika mikutano ya wazazi na kwa wakubwa wa elimu:

1. Masomo ya video yasihesabiwe kuwa mwalimu. Mahali pasipo na mwalimu wa fizikia paandikwe kuwa ni pengo, na aajiriwe mtu.

2. Masomo hayo yahifadhiwe shuleni, watoto wayatazame bila mzazi kununua bando. Mtoto asiye na simu nyumbani asiachwe nyuma.

3. Kila somo la video lifuatwe na jaribio la mikono, na vifaa vyake vinunuliwe kabla ya kioo kikubwa.

4. Saa za mwalimu za kutafuta na kutayarisha video zihesabiwe kuwa saa za kazi. Anayepigwa picha akifundisha alipwe kwa mapatano yaliyoandikwa.

5. Kila tawi lenye ukumbi lifungue mlango Jumamosi alasiri. Mafundi wetu, wa reli, wa gereji na wa umeme, walete jeki mbovu, betri kuukuu na vipande vya waya. Mwalimu aonyeshe picha, fundi aonyeshe kitu chenyewe, watoto washike.

Dai la tano halingoji kibali cha mtu yeyote. Tawi lililo tayari lipeleke jina la fundi wake kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi, nasi tutayachapa majina ya matawi hayo katika toleo lijalo. Na tawi litakalokaa kimya, wanachama wake wamuulize mwenyekiti wao kwa nini.

Umoja ni nguvu!