Nangoja albamu, kisha nangoja faili

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata. Mliokuja kusoma sehemu ya pili ya somo la SQL mnivumilie hadi wiki ijayo. Leo nina jambo la muziki, ingawa mnanijua, kompyuta itaingia tu kwa mlango wa nyuma.

Kila baada ya wiki kadhaa huchungulia kama Sahra Halgan ana albamu mpya. Kwa wasiomjua, ni mwimbaji wa Hargeisa. Hilo "Halgan" si jina la baba, ni lakabu, maana yake mapambano. Alilipata wakati wa vita vya miaka ya 1980, alipokuwa binti mdogo akiwahudumia na kuwaimbia majeruhi wa SNM. Vita vikamtupa Lyon, Ufaransa, akaishi huko miaka mingi kama mkimbizi, kisha akarudi nyumbani na kufungua ukumbi wa muziki. Ninazo albamu zake tatu: Faransiskiyo Somaliland, Waa Dardaaran na Hiddo Dhawr. Ya kwanza inazitaja Ufaransa na Somaliland kwa pumzi moja, ya pili ni wosia, ya tatu imechukua jina la ule ukumbi wake, yaani tunza urithi. Ni nyimbo za Kisomali za asili zikisukumwa na gitaa la umeme linalokwaruza. Hana kampuni kubwa nyuma yake wala mabango barabarani. Ukiikosa habari siku ile, umeikosa.

Basi nangoja ijayo, kama wengine wanavyongoja simu mpya.

Lakini kungoja kwangu ni rahisi. Mimi niko Garissa mjini, mtandao upo, kadi ya benki ipo. Abti wangu yuko Hagadera, kilomita kama 100 kutoka hapa, na yeye hungoja mara mbili: kwanza albamu itoke, kisha faili ifike. Kati ya siku hizo mbili huweza kupita miezi minane. Wimbo hutua kwanza Minneapolis au London, binamu fulani anautuma WhatsApp, unafika Eastleigh, mtu anauweka kwenye memori kadi, kadi inapanda basi. Mwisho kijana wa kibanda cha simu sokoni anakujazia nyimbo kwa shilingi chache, mia mbili kwa mpigo, na nusu yake hukuziomba.

Mara ya kwanza nilipompelekea Sahra tulikuwa tunakunywa chai. Abti ni mtu wa Kismayo.

"Nani huyu?"
"Sahra Halgan, abti. Wa Hargeisa."
"Na albamu inaitwaje?"
Nikamtajia.
"Somaliland tena! Zima, abti, zima."
Nikanyoosha mkono kuizima.
"Ngoja kwanza. Wacha huu uishe."

Haukuisha peke yake, zikaisha zote. Siasa za jina tukaziacha hapo, na sasa yeye ndiye huniuliza kama mama ametoa kitu.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Tuseme albamu ni ya dakika 40, yaani sekunde 2,400. Kwa ubora wa CD ni karibu megabaiti 423. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni 96. Ya kilobiti 128 ni 38. Ukitumia Opus kwa kilobiti 48 unashuka hadi 14 na kidogo, na kwa sauti ya mtu mmoja, gitaa na ngoma, sikio langu halilalamiki. Ila simu nyingi za vitufe haziielewi Opus, kwa hiyo mimi hurudi kwenye MP3 ya kilobiti 64, mono: megabaiti 19. Ndiyo, mono. Simu ya abti ina spika moja, ya pili ningempelekea ya nini?

Megabaiti 19 unazilipia mara moja tu. Kusikiliza mtandaoni moja kwa moja ni kuzilipia upya kila unapobonyeza, na abti hubonyeza wimbo mmoja mara kumi kabla ya magharibi. Spotify ilipofika Kenya Februari 2021 wengi tulishangilia. Lakini hata ukilipia ili uhifadhi nyimbo kwenye simu, zinakaa ndani ya programu, programu inakaa ndani ya akaunti, na huwezi kumpa jirani kwa Bluetooth. Kwa mtu wa kambini, kitu usichoweza kumpa jirani ni nusu ya kitu. Mdundo, iliyoanza Nairobi mwaka 2013, ilielewa jambo hili mapema: unapakua MP3 halisi na tangazo ndani yake, na msanii anapata chake kutokana na tangazo. Unaweza kuchukia matangazo (mimi nayachukia), lakini waliomfikiria mtu mwenye simu ya bei ya chini ni hao.

Najua mtasema nini. Mwenzangu wa kazini alishalisema: kunakili ni wizi, na wewe mwandika programu ndiye ungepaswa kuwa wa mwisho kuutetea. Ameniweza. Niliwahi kuandika programu ya kuhesabu mali kwa duka moja, miezi miwili baadaye nikaikuta kwenye maduka mengine matatu, na mtu akanipigia simu kulalamika kwamba ina hitilafu! Nilikasirika mwezi mzima. Na Sahra? Albamu mbili za kwanza nilizipata kwa fleshi ya rafiki. Sikulipa hata senti. Nimezisikiliza labda mara mia tatu.

Hata hivyo kunakili ndiko kulikouokoa muziki wa Kisomali. Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio zilifukiwa ardhini ili zisiteketee. Nyingine zilibaki kwa sababu tu mtu wa kawaida alikuwa na nakala ya nakala ndani ya sanduku, akaivusha mpaka. Mwaka 2017 lebo ya Ostinato ilitoa Sweet as Broken Dates, mkusanyo wa nyimbo za zamani za aina hiyo, ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Tungekuwa na kanda zisizonakilika, kungebaki nini?

Ubaya wa kunakili ni kwamba jina hupotea njiani. Fungua simu yoyote Hagadera: "Track 07", "Msanii Hajulikani". Wimbo wa Kisomali una mshairi, mtunga lahani na mwimbaji, watu watatu, na wote wanaishia kuwa "Track 07".

Na hapa ndipo wahandisi tunapostahili lawama kuliko kijana wa kibanda. Kiwango cha ID3v2.3, kile kinachobeba jina la wimbo ndani ya MP3, ni cha mwaka 1999. Ndani yake kuna sehemu inaitwa WPAY, na kazi yake ni moja: kubeba anwani ya ukurasa wa kulipia faili hiyo. Zaidi ya miaka 25! Malipo yangeweza kusafiri na wimbo kwenye kadi, kwenye basi, kwa Bluetooth, hadi simu ya kumi. Je, umewahi kuona kitufe cha WPAY kwenye simu yako? Mimi sijawahi. Tulikiandika kwenye kiwango, tukaendelea na mambo mengine.

Kwa mtu asiye na intaneti anwani ya wavuti haitoshi, lakini namba ya kulipia inatosha. M-Pesa ipo tangu 2007, Zaad ya Telesom huko Somaliland tangu 2009, na zote mbili zinafanya kazi kwenye simu ya vitufe. Weka namba kwenye maelezo ya wimbo, hata kwenye jina lenyewe la faili, isomeke kwenye kioo chochote. Kikwazo kikubwa ni ada, kwa sababu hakuna atakayelipa shilingi mia ili atume hamsini ng'ambo ya mpaka. Hilo si la programu, ni la watu wa benki, na nao hawasomi hapa.

Ombi langu kwa Sahra na wenzake wasio na kampuni kubwa: siku ya kutoa albamu, toeni pia faili ndogo rasmi, megabaiti zisizozidi 20, majina yote matatu ndani yake, namba ya malipo ndani yake, na ruhusa ya kunakili. Sisi tutainakili tu. Afadhali tunakili ile iliyobeba jina lenu.

Kwa upande wangu, albamu ijayo nitainunua kwa kadi siku ileile, na nitalipia na zile mbili za zamani. Kisha nitaipunguza, nitaandika majina, nitampelekea abti. Ndiyo, bila ruhusa. Programu ndogo ya kufanya kazi hiyo nimeshaiandika, mistari 40 ya Python, mwenye kuitaka aniandikie. Abti ameuliza mara mbili kama kadi yake ya gigabaiti 2 itatosha. Nimemwambia afute zile mia mbili za kibandani.