Ngamia wa lita 10 haonekani

Abti wangu alikuwa na ngamia irmaan, anakamuliwa lita 10 kwa siku. Karo ikamlazimu amuuze, nikamsaidia kumweka kwenye app moja ya mifugo hapa Garissa. Wiki mbili, hakuna simu hata moja. Nikaingia kama mnunuzi, nikatafuta "zaidi ya lita 5". Wa lita 6 wakaja, wa lita 7 wakaja. Wa abti hayuko!

Wasee, shida si soko. Hiyo app inakuachia uongeze visanduku vyako mwenyewe, na lazima iwe hivyo. Mwenye ngamia anataka kuandika sumad na maziwa, mwenye mbuzi ana yake. Ukimwongezea kila mtu safu kwenye jedwali, utaishia na safu mia tatu, karibu zote tupu. Kwa hivyo developa wengi huweka jedwali moja refu: mnyama, jina la kisanduku, jibu. Majibu yote yanakaa kama maandishi. Na kwa maandishi kompyuta inaangalia alama ya kwanza: 1 iko kabla ya 5, basi 10 inakuwa ndogo kuliko 5. Yaani ngamia bora ndiye anafichwa.

Hiyo ni namba tu. Mmoja ameandika irmaan, mwingine irman, mwingine "anakamuliwa". Kwa app hayo ni mambo matatu tofauti.

Kuna wale wataniambia tumia JSONB ya PostgreSQL, iko tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014. Sikatai, na indeksi ya GIN inapata "irmaan" haraka sana. Lakini ukiuliza "zaidi ya 5" haikusaidii. Kisanduku cha lita lazima ukigeuze namba, ukiwekee indeksi yake.

Mimi naona hivi: mwache mfugaji abuni kisanduku, ila hapo hapo aseme ni cha namba, cha tarehe, au cha kuchagua kwenye orodha. Orodha iwe ya Kisomali na Kiswahili. Eti swali hilo litawachosha wazee? Wallahi, wazee wa soko la mifugo wanauliza maswali ishirini kabla ya kushikana mkono na mnunuzi.

Ngamia wa abti tulimuuza mwishowe, kupitia dalali, na dalali akakata chake. Tangazo bado liko kwenye app, lita 10, hakuna aliyeliona.