Adabu na adhabu

Wanachama wenzangu, maneno haya yametengana kwa herufi moja tu. Majumbani mwetu mara nyingi huwa neno moja: ukiambiwa utatiwa adabu, ujue ni kiboko.

Hapa Uingereza fimbo iliondoka katika shule za serikali mwaka 1987. Kenya ikaipiga marufuku 2001. Tanzania, kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viandikwe kitabuni. Lakini 2018, huko Bukoba, mwanafunzi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa mkoba uliodhaniwa kuibwa. Nani alikuwa akihesabu?

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Kweli, ila hawakusema mvunje. Je, kwenu adabu hufunzwaje? Tuandikieni.