Kufuli linatuma meseji, sawa. Inamfikia nani?

Wadau, wakala akikwambia "usijali, trela lina kufuli la kielektroniki", usiishie kusema poa. Muulize: likifunguliwa saa nane usiku, meseji inaenda kwa nani?

Tangu 2017, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia kwa pamoja kontena za transiti zinazotoka Mombasa. Kufuli linaonyesha gari lilipo. Likichezewa, au gari likiacha njia, kituo cha ufuatiliaji kinapata taarifa. Mfumo mzuri, ila uliwekwa kulinda ushuru. Forodha wakimaliza kazi yao wanatoa kufuli lao, na kipande kilichobaki hadi stoo ya wakala, viatu vyako mara nyingi vinalindwa na kufuli la kawaida tu (dereva naye lazima alale).

Mimi naona msafirishaji mwenye kufuli lake la GPS anastahili kuongezwa hela kidogo, mradi ana mtu wa kukesha na simu. Kengele ikilia ofisini kumefungwa, mwizi anaendelea kupakua. Na uliza pia: hiyo GPS iko kwenye kichwa au kwenye trela lenyewe? Kichwa kikichomolewa kikaondoka, ramani itakuonyesha kichwa tu.