Eti "Sisi Watu wa Picha Tu"? Acheni Hizo!

Leo sina porojo za bumu wala za foleni ya kafeteria. Kuna kauli imezagaa huku kwetu mionzi: eti famakolojia ni ya wafamasia, sisi ni watu wa picha tu, kwa hiyo tudese, tufaulu, tusahau. Jamani, nakataa!

Hivi ile kontrasti anayochomwa mgonjwa wa CT-Scan ni maji ya kunywa? Ni dawa ile. Inaingia mshipani, inasambaa, ini haliivunjivunji, inatoka kwa mkojo. Figo zikiwa nzima, kiasi kilichomo damuni hupungua nusu kila baada ya kama saa 2. Figo zikiwa mbovu, inakaa. Ndio maana tunaulizia kreatinini. Ndio maana pia mgonjwa wa kisukari anayemeza metformini anaangaliwa zaidi: figo zikigoma, metformini inajazana mwilini na damu inaweza kuzidiwa na asidi.

Bariamu je? Chumvi zake zinazoyeyuka ni sumu, ila bariamu salfeti haiyeyuki, inapita tumboni na kutoka zake. Kufyonzwa na kutofyonzwa, hiyo ndiyo famakolojia yenyewe! Na anayebisha akasome habari za Thorotrast, kontrasti iliyotumika toka miaka ya 1930 hadi ya 1950. Picha zilikuwa safi kweli kweli, lakini thoriamu yake ilibaki kwenye ini ikitoa mionzi, na miaka mingi baadaye watu wakaugua saratani.

Wengine mtasema, "Daktari ndiye anaandika, nesi ndiye anachoma." Sawa. Mgonjwa akianza kubanwa kifua, midomo imevimba, presha inashuka, nani anamwona wa kwanza? Ni wewe pale kwenye mashine. Adrenalini ya mtu mzima, miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, haisubiri ukatafute desa. Hata kama sio wewe wa kuchoma, usipojua unachokiona utamwita nani, na utamwambia nini?

Kimoja nakubaliana nanyi: kukariri majina ya dawa za minyoo wiki nzima, halafu kontrasti ikapewa lekcha moja ya mwisho, ni kupoteza muda. Basi tudai kozi ianzie kwenye dawa zetu, sio tudai ifutwe.

Mwenye hoja alete, mwenye matusi abaki nayo. Nawasilisha.