Tumewaachia Wageni Kalamu

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, mpenzi wa tungo kama nyinyi wasomaji wa kurasa hizi, alinitilia mkononi kitabu cha safari cha kijana mmoja wa Ulaya. Jina la kijana huyo sitalitaja, kwa kuwa ugomvi wangu si naye. Umri wake miaka ishirini na miwili, ameshazunguka nchi kumi na moja, akateremka Unguja kwa siku nne, na katika siku hizo moja akaipa Changuu. Mchana huo mmoja umemzalia kurasa tisa. Anasimulia namna alivyoingia ndani ya kuta za gereza, akasimama peke yake, akavisikia, ati, vilio vya wafungwa wa zamani.

Vilio vya nani, waungwana? Jengo lile lilijengwa katika miaka ya 1890, zama za Lloyd Mathews, likakusudiwa kuwa gereza, na halikupata kulaza mfungwa hata mmoja. Husimuliwa kuwa kabla ya hapo watumwa walioonekana wakaidi walikuwa wakitupwa kisiwani, na hao wanastahiki kuliliwa. Lakini si ndani ya kuta zile. Kilichofanyika pale hasa ni karantini: abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza walizuiliwa hapo mpaka siku zao zitimie. Hata wale kobe wakubwa ambao mgeni huyu anawaita wenyeji wa kale wa kisiwa, nao ni wageni. Wa kwanza wao waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Na jina la Changuu, ambalo ni la samaki anayejulikana na kila mpishi wa mji huu, halimo katika kurasa zote tisa.

Nilitaka kumkasirikia. Lakini baada ya wiki mbili nilipanda boti ile mwenyewe, nikakaa nyuma kimya kama bubu, nikamsikiliza kijana wetu, mtoto wa mji, akiwatembeza wageni. Gereza, gereza, gereza. Tuliporudi ufukweni nikamvuta kando, nikamuuliza kama haijui habari ya karantini. Akacheka kwa adabu. “Naijua, mzee wangu. Lakini nikiwaambia karantini hawapigi picha.”

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Wako watakaosema kwamba kosa la mgeni ni uchache wa siku zake, na kwamba angekaa mwaka angeona. Siafiki. Ibn Battuta alitoka kwao Tanja mwaka 1325 akiwa na miaka ishirini na moja, na alipofika pwani yetu, yapata mwaka 1331, alikuwa hajatimiza thelathini. Kisiwani Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Na katika usiku huo aliona kwamba watu wale chakula chao ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletewa kutoka kwengine. Akaona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Akaona visima vifupi milangoni mwa misikiti, na chombo cha mti chenye kijiti cha kushikia, ambacho kila anayeingia huteka maji akaosha miguu, kisha akaipangusa juu ya mkeka. Yaani mtu huyu alitazama miguu ya wenyeji wake. Alikuwa na haraka, merikebu ikimngoja, na bado akatazama. Yule wa Changuu katika kurasa tisa ametazama moyo wake mwenyewe tu, na sisi tumetumika kuwa pazia la nyuma.

Hata hivyo, sifa hii ya Ibn Battuta inanichoma upande wa pili. Tangu nilipokuwa skuli mpaka leo, kila mwalimu akitaka kutueleza Mombasa au Kilwa ya karne ile, humfungua yeye. Aliyempikia ndizi usiku ule hatumjui jina. Maneno ya usiku mmoja ya mgeni yamekuwa ndiyo shahada yetu, na neno la mwenyeji juu ya mgeni huyo, kwamba alikula vipi, alilalamika nini, alikoroma au hakukoroma, halikutufikia.

Tutajitetea kwamba zama zile ni mbali. Haya, tuje karibu. Mwaka 1896 kijana wa Kingazija aitwaye Selim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani Bumiller, alifuatana na bwana wake mpaka Urusi na Siberia. Aliporudi akaisimulia safari ile kwa Kiswahili, na masimulizi yake yakachapwa mwaka 1901 ndani ya kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Kabla yake, Amur bin Nasur, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari zake na za mji ule, zikatolewa na Büttner mwaka 1894. Mtu wa visiwa anautazama mji wa Wazungu kwa jicho lake na kuusema kwa ulimi wake, zaidi ya miaka mia moja na ishirini nyuma: utajiri ulioje! Nimewauliza walimu sita wa fasihi ninaowajua. Watano hawakupata kulisikia jina la Selim. Wa sita alilisikia katika maelezo ya Kiingereza juu ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, kwa kuwa wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah aliichota humo hadithi ya safari ya Urusi. Angalieni mzunguko ulivyo: maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili yachapwe Ujerumani, yapite katika Kiingereza, riwaya itafsiriwe kwa jina la Peponi mwaka 2022, ndipo Mswahili aambiwe kwamba babu yake alifika Siberia.

Najua linalosemwa dhidi ya Selim na wenziwe: waliandika kwa kuagizwa na wakoloni, wakijua nani atasoma, kwa hivyo ndimi zao zimefungwa. Ni kweli, wala sitaki kulifunika hilo. Lakini mtumishi huona mengi ambayo bwana hayaoni, na anayeandika mbele ya bwana wake hujifunza kusema kwa kupinda, jambo ambalo wapenzi wa ushairi, kuliko watu wote, wanapaswa kuwa na masikio ya kulisikia. Tunafumbua mafumbo ya Muyaka kwa furaha. Ya Selim yametushinda nini?

Na sisi watunzi tusijitoe. Mashairi kumi ya mwisho niliyoletewa kuyapitia, yote ya vijana, yote ya kusifu kisiwa: saba yalikuwa na minazi, sita yalikuwa na harufu ya karafuu, manane yalikuwa na mchanga mweupe. Hapana hata moja lililojua bei ya samaki. Vina vimetimia, mizani haikupungua, na macho yote yameazimwa kwa mtalii. Tunajisifu kwa yale yanayosifiwa na mtu aliyekaa siku nne.

Sasa niseme kilichonileta. Mtoto wa dada yangu amekwenda Hamburg kujifunza ufundi wa mitambo ya meli. Skuli alifundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba Unguja ilibadilishwa kwa kisiwa cha Helgoland. Basi siku moja ya kiangazi akapanda chombo Cuxhaven akaenda kukitazama kisiwa tulichobadilishwa nacho. Aliyoyaona ameyaandika katika daftari la skuli, kwa kalamu ya wino, na daftari akanipa alipokuja likizo.

Anaandika kwamba ni jabali jekundu katikati ya bahari ya baridi, eneo lake kilomita ya mraba moja na kitu, na watu wake hawafiki elfu mbili. Wageni huja adhuhuri na kuondoka alasiri. Hununua pombe na tumbaku zisizotozwa ushuru, hupiga picha nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake ncha ya kaskazini, hurudi chomboni. Wapo waliovushwa kwa mashua za mbao, na katika mashua hiyo mzee mmoja wa kisiwani akamuuliza katokea wapi. Alipotaja Zanzibar mzee akaangua kicheko, akamshika mkono, akamwambia wao ni watoto wa karatasi moja.

Karatasi hiyo ilitiwa saini tarehe 1 Julai 1890, Waingereza upande huu na Wajerumani upande ule. Wala Unguja haikuwa mali ya Wajerumani hata waiuze. Walichofanya ni kuukubali ulinzi wa Mwingereza juu ya Unguja na Pemba na kuiachia Witu, miongoni mwa mengineyo. Mpwa wangu akamuuliza mzee: wazee wenu waliulizwa? Akajibiwa: hapana, na nyinyi je? Kisha mzee akamwonyesha mahali ambapo ardhi imebonyea. Mwezi Aprili 1945 kisiwa kilipigwa mabomu, watu wakahamishwa, na tarehe 18 Aprili 1947 Waingereza waliripua humo maelfu ya tani za baruti. Wenyewe hawakuruhusiwa kurejea kuishi mpaka mwaka 1952. Wana lugha yao ndogo, ambayo huzungumza wao kwa wao na kuinyamazia mgeni akikaribia. Kila mgeni anayekuja, alisema mzee, anazijua habari za kisiwa hiki kuliko mimi.

Pale nilipofika nililaza daftari kifuani nikakaa kitambo. Hiyo ni Changuu, na yule ni kijana wetu wa boti, kama angezeeka bila kuuza gereza.

Nililipeleka daftari kwa mchapishaji mmoja. Likarudi na barua ya mistari mitatu: habari za safari si fasihi, kijana akiwa na diwani au riwaya, alete. Mwengine alinishauri, kwa wema kabisa, liandikwe upya kwa Kiingereza ili watalii walinunue. Na mimi ni mtu mzima, nimeshavumilia mengi ya wachapishaji, lakini la pili hilo lilinikosesha usingizi.

Wiki iliyopita kijana amenipigia simu. “Mjomba, wamelisoma?” Nikambadilishia maneno, nikamuuliza habari za baridi.

Lina kurasa sitini na nne. Mhariri wa jarida hili hutenga, kwa haki, kurasa nyingi kwa mashairi, na baadhi yake ni yale ya mchanga mweupe. Nne katika hizo kwa kila toleo zinatosha. Kunakili nitanakili mwenyewe, maana hati ya mtoto huyu ni mbaya.