Treni ndogo za waya: mikono tuko nayo, vipimo ndiyo vinatukosa

Likizo kubwa ikifika, kwa barabara za Opala unaanza kuona kamyo za waya. Mutoto anakunja waya, anakata kopo la sardini kwa ajili ya kabine, soli ya babushi ya zamani inakuwa magurudumu, na fimbo ndefu inakuwa volani. Kamyo zenye zinafika hapa anazijua moja moja, na anaweza kukuonyesha ile yenye pua ndefu na ile yenye pua fupi. Lakini treni hatengenezi. Tusishangae, reli haijafika Opala hata siku moja. Sisi tuna mto Lomami na barabara. Wengi wetu treni tuliiona Lubunga, mbele ya kuvuka kwenda Kisangani, na mara nyingi tuliikuta imesimama.

Sasa, kuko watu wazima huko Ulaya, Marekani na Japani wenye wanatoa feza nyingi kwa ajili ya treni ndogo. Si mchezo wa watoto. Ni watu wenye wanajenga stesheni nzima kwa meza, na mti wake, na daraja lake, na wanataka kila wagoni iwe sawa na ile ya kweli, hata misumari yake. Viwanda vikubwa, kama Märklin ya Ujerumani yenye inauza treni ndogo tangu 1891, vinatengeneza zile zenye watu wengi wanazijua. Sababu ni hesabu. Umbo la chuma la kumwagia plastiki linaweza kula makumi ya maelfu ya dola mbele hujauza hata wagoni moja. Lazima uuze maelfu ndiyo feza irudi.

Ndiyo maana hakuna kiwanda kitakacholala macho juu ya wagoni ya Kisangani–Ubundu. Reli ndogo ndogo za dunia zinabakia kwa mikono ya wapenzi wenyewe. Ni mwalimu mwenye amestaafu, ao fundi wa umeme, anafanya kazi mangaribi kwa meza ya jikoni. Anachonga wagoni moja ya mfano, anaimwagia silikoni kuizunguka, silikoni ikishakauka anaitoa, na ndani ya ile nafasi anamwaga rezini. Umbo la silikoni linachoka kisha makumi machache ya wagoni. Lakini kwake inatosha, kwa sababu wanunuzi wake nao ni makumi machache. Wengine wanachora kwa ordinatere na mashini inajenga kitu kidogo kidogo kwa plastiki. Wengine wanakula bati ya shaba ya njano kwa asidi mpaka madirisha yanatokea. Kwa kawaida wanapokea komande kwanza, kisha ndiyo wanaanza kazi. Hapa tunaita hiyo akili ya fundi wa viti: hakati mbao mpaka aone avansi.

Turudi kwetu. Reli ya Kisangani–Ubundu iko na urefu wa kilometre 125. Ilifunguliwa mwaka 1906, wakati Kisangani ilikuwa Stanleyville na Ubundu ilikuwa Ponthierville. Kampuni ya CFL, ya Baron Empain, iliijenga kwa ajili ya kukwepa maporomoko saba ya Boyoma. Masua haiwezi kupita pale, basi mizigo ilipanda treni mpaka Ubundu, ikashuka tena kwa masua mpaka Kindu, ikapanda treni ingine. Leo iko mikononi mwa SNCC, inalala, inaamka kidogo, inalala tena. Na kule juu, Aketi mpaka Isiro na Mungbere, kulikuwa Vicicongo yenye reli yake ilikuwa na upana wa milimetre 600 tu, kama treni ya bustani. Kwa mwenye kupenda reli za ajabu, mukoa wa zamani wa Province Orientale ni sanduku la mali.

Hapa ndiyo nataka msomaji afanye hesabu na mimi. Reli yetu ya Ubundu ina upana wa metre moja kamili. Kipimo chenye kinajulikana zaidi kwa hii kazi ni 1:87, ni kusema metre moja inakuwa milimetre kama 11 na nusu. Kwa waya na kopo la sardini huwezi, hata macho yatauma. Lakini tangu 1968 kuko kipimo kingine, cha LGB ya Nürnberg, 1:22,5, chenye kinatembea kwa reli ndogo ya milimetre 45. Ukigawanya metre moja kwa 22,5 unapata 44 na kidogo. Unaona? Ile reli ya kununua inaendana karibu kabisa na yetu. Wagoni ya metre tisa inakuwa sentimetre 40, na mutu wa metre 1,70 anakuwa sentimetre saba na nusu. Hiyo ni saizi ya kamyo za waya za vijana wetu. Mikono iko tayari na saizi iko tayari.

Kitu chenye hakiko ni vipimo vya kweli. Kijana akitengeneza treni kwa kuangalia picha, atafanya madirisha matano pahali pa manne, na mununuzi wa aina hii ataona kwa dakika moja. Si kama kazi ya Bodys Isek Kingelez, Mukongomani mwenye maketi zake za karatasi na katoni zilionyeshwa MoMA, New York, mwaka 2018. Yeye alijenga miji ya ndoto, hakuna mutu anaweza kuja na mita kumwambia umekosea. Si kama chukudu ndogo za mbao zenye Goma iliuzia wageni mbele muji uanguke Januari 2025. Mgeni alitaka ukumbusho, hakuhesabu misumari.

Angalia Kenya. Nairobi wako na museum ya reli tangu 1971, na ndani kuko Mount Gelai, mashini ya moshi ya namba 5918, moja ya 34 zenye Beyer Peacock ya Manchester iliwatumia kati ya 1955 na 1956. Reli yao ile pia ilikuwa ya metre moja. Mpenzi yeyote anaweza kwenda pale, akapima, akapiga picha chini na juu. Sisi mashini zetu zinakula kutu. Na kila mutu anajua kwamba chuma cha zamani kinauzwa kwa kilo, na mwenye kununua kwa kilo haulizi historia.

Sipendi kudanganya vijana. Hii haitalisha territware. Wanunuzi wa treni za Kongo ni wachache, wengi wao ni wazee. Kifurushi cha Opala kitapanda moto mpaka Kisangani, kisha ndege, na waya itafika imekunjika kama haikufungwa vizuri. Mununuzi wa Bruxelles hana M-Pesa yetu. Lazima kuwe na ndugu mwaminifu kule wa kupokea, kuuza na kutuma feza, na sote tunajua namna gani hizo hesabu za ndugu zinaweza kuishia. Kijana mumoja ao wawili wenye mukono mwema wanaweza kupata kitu. Kumi, hapana.

Lakini kazi ya kupima haingoji soko. Lubunga kungali wazee wa reli wenye wanajua kila wagoni ilibeba nini na rangi yake ya kwanza ilikuwa gani. Inaomba kaye, biki, mita ya fundi ya metre tano, telefone ya kupiga picha, na ruhusa ya mukubwa wa stesheni. Upime urefu, upana, kimo, umbali wa magurudumu, uhesabu mbao za ubavu, uandike namba kama ingali inasomeka. Wagoni moja haimalizi asubuhi nzima. Wanafunzi wetu wenye wanasoma Kisangani wanapita pale kila wakirudi likizo, mizigo kichwani, wanangoja moto ya Opala ijae.